Mafuta ya Mama Yaliposhuka

Baba yangu mpendwa,

Muga, Baba. Nakusalimu kwanza kwa Kimeru chako ili usije ukasema Uingereza imenimeza, kisha nitaendelea kwa Kiswahili, maana ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yetu. Wewe ulikuwa na Kimeru chako, Mama na Kimbeere chake, mkakutana katikati, nasi watoto tukakulia hapo katikati. Nikijaribu kuandika kwa lugha ya upande mmoja, naona kama nimemfungia mmoja wenu nje.

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana afya. Mimi sitakuuliza, kwa sababu jibu ninalo. Kaka yangu Mutwiri hunieleza kila Jumapili baada ya kanisa. Kama wewe ungependa kujua yangu, mwili ni mzima, nakula, nalala, naenda kazini. Huku ni baridi ya kuchosha, siyo ile ya ukungu wa milima ya Nyambene unaoondoka jua likipanda. Hii haiondoki. Barua hii inaletwa na mwenzangu wa kazini, mama mmoja wa Gachoka anayekwenda likizo kwao. Ataifikisha Embu mjini, Mutwiri aipokee pale akuletee nyumbani Laare.

Nimeamua kuandika kwa kuwa simu hupokei. Nikikupigia inaita mpaka inakatika yenyewe. Nikimpigia Mutwiri anasema, "Ngoja nimpee," halafu nasikia mlango ukifungwa, na Mutwiri anarudi kwangu akijifanya anakohoa. Haya basi, Baba. Karatasi haiiti wala haisumbui. Ukiiweka kando leo, kesho utaikuta.

Mutwiri aliniambia jambo lililonikalisha kwenye ngazi za kazini nikalia mbele ya watu. Ameniambia kwamba tangu Mama azikwe, wewe bado unapika kile chakula chake. Kabichi ya kuchemsha na wali mweupe, bila mafuta, bila chumvi. Unapakua, unakula vijiko viwili vitatu, unaacha. "Baba amekonda, Kathure," akasema. "Suruali anafunga na kamba. Mke wangu Kendi akimpelekea chakula anasema yeye ashakula. Sasa mimi nifanye aje? Mzee huwezi kumshika umlishe." Kisha akaongeza kwamba Tata Igoki, dada yake Mama, alipanda gari kutoka kwao Siakago kuja kukuona, ukamwacha amesimama langoni mpaka akarudi.

Najua unajiadhibu, na najua adhabu yenyewe ulisomewa na nani.

Unajua sikuja kumzika mama yangu. Kibali changu cha kazi kilikuwa kinangoja kufanywa upya, na kama ningetoka nchi hii wakati ule nisingeruhusiwa kurudi. Nilimzika kwa simu, nimeketi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na picha ikawa inakwama. Ilikwama jeneza likiteremshwa. Ilipozinduka, watu walikuwa tayari wanarudishia udongo. Hata kumwona akishuka sikupata. Lakini sauti haikukwama hata kidogo, na nilimsikia Tata alipopewa kipaza sauti aseme machache kwa niaba ya watu wa Siakago. Alisema, "Dada yetu hakuuawa na figo. Aliuawa na njaa, kwa bwana aliye na shamba na mbuzi zizini." Nilikuona umesimama na kofia mkononi, ukatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika mara ya pili siku hiyo, maana niliona umelipokea lile neno ukaliweka mfukoni.

Sasa nisikilize. Nitakusimulia mambo yale yale unayoyajua, ila kwa macho yangu mimi, kwa sababu nadhani unayarudia kichwani vibaya.

Presha ilizila figo za Mama kimyakimya kwa miaka, sisi tukidhani ni uchovu wa soko. Zilipokataa kabisa, mimi nilikuwa bado nyumbani. Tukaanza safari za Meru mjini mara mbili kwa wiki kwenda kusafishwa damu kwenye mashine. Wakamwambia aache ndizi, na nyumba yetu imezungukwa na ndizi. Wakamwambia apunguze maji, akawa anasukutua mdomo na kutema huku akiangalia nje. Yote hayo aliyakubali bila neno. Kisha siku moja akapimwa mafuta ya damu kabla hajala, na daktari akatuita sote watatu. Nakumbuka alisema figo zikiacha kazi, hata mafuta yaliyomo kwenye damu huvurugika mpangilio wake. Yale mabaya hupanda, yale mazuri hushuka, na mzigo wote unaangukia moyo. Akaandika dawa, akasema Mama ajihadhari na vyakula vya mafuta. Aliyasema mengi, Baba, tena kwa haraka, kwa kuwa nje kulikuwa na foleni ya watu wanaomngoja. Katika yote hayo wewe ulitoka na neno moja tu, mafuta.

Jioni ile ile kopo la mafuta ya kupikia ulilipeleka kwa jirani. Mayai ukasema yaachwe yaanguliwe. Wiki iliyofuata watu wa Mama wakafika kutoka Siakago na kondoo dume, kama inavyofanywa kwetu na kwao mtu akitoka hospitali. Achinjwe, mafuta yake yayeyushwe, mgonjwa apewe supu arudishe nguvu. Mjomba alikuwa ameshaanza kunoa kisu. Ukasimama uani ukawaambia, kwa adabu zote, kwamba katika boma hili hakuna mafuta yatakayoingia kinywani mwa mke wako. Wakadhani ni mzaha. Ulipomfungua kondoo kamba na kumpakia wewe mwenyewe kwenye pikapu yao, wakajua si mzaha. Kondoo wa mgonjwa akarudishwa Mbeere akiwa hai! Sijawahi kusikia jambo kama hilo, wala wao. Tata Igoki hajakusamehe tangu siku hiyo, na mazishi yalimpa tu mahali pa kulisemea.

Baada ya hapo mimi nikaondoka kuja huku, na mengine niliyaona kwenye simu. Niliona jambo ambalo sikutarajia kuliona maishani. Wewe, mzee wa rika lako, ambaye tangu utoke jandoni hujawahi kukaa jikoni hata kuota moto, ulichukua jiko. Ulisema wanawake wa nyumba hii wamezoea kutia mafuta bila kujua, mkono unakwenda wenyewe, na wewe usiyezoea chochote ndiwe salama. Mama alikuwa akigeuza simu ili nione. Ulikuwa unakata kabichi kwa panga la shambani. Ulikuwa umevaa kofia yako ya kanisani ili moshi usiingie nywele, na nywele zenyewe huna. Wenzako wa soko la miraa walipokucheka kwamba umeolewa, ukawajibu, "Nimeolewa kweli, tena pahali pazuri." Mama alilirudia neno hilo kwa kila aliyempigia simu.

Na chakula chake ukakila wewe pia. Hukutaka kula nyama huku yeye anakuangalia.

Halafu vipimo vikarudi na mafuta yameshuka. Hukungoja kufika nyumbani, ulinipigia ukiwa bado kwenye stendi ya Meru, makanga wakiita abiria kwa kelele nyuma yako. "Yameshuka, Kathure! Yameshuka!" Mimi nilikuwa natandika kitanda cha mzee mmoja, nikaiacha shuka nikacheza pale pale katikati ya chumba. Yule mzee akapiga makofi bila kujua ni ya nini. Ukasema mti wa miraa ukipunguzwa matawi ndio hutoa machipukizi mazuri, na kwamba haya mafuta mtayapunguza mpaka mjue mwisho wake. Nikasema amina. Mama akapewa simu akasema tu, "Baba yako anaruka kama kijana," akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa chembamba. Tulidhani ni mashine inayomchosha.

Kilichofuata Mutwiri ndiye aliyenisimulia, kwa sababu wewe hukuweza. Vipimo vya mara iliyofuata mafuta yalikuwa yameshuka zaidi. Ukaingia kwa daktari ukitabasamu. Lakini safari hii alikuwa daktari mwingine, msichana mdogo, naye alianza kwa kumtazama Mama. Akamshika mkono hapa juu, akaona jinsi nyama ilivyokwisha. Ndipo akasema, "Mzee, pole, hii siyo habari njema. Mtu wa mashine mafuta yake yakianguka hivi, mara nyingi ni mwili unaisha. Kwani mama anakula nini?" Nawe ukamweleza. Mutwiri anasema ulimweleza kila kitu, hata kondoo, kwa fahari, na kadiri ulivyoeleza ndivyo yule msichana alivyozidi kuinamisha kichwa. Alipokwisha kukuambia kwamba mtu anayesafishwa damu huhitaji mayai, samaki, nyama kidogo isiyo na shahamu, kwa kuwa mashine nayo humnyang'anya nguvu, ulichukua kofia yako ukatoka. Siku hiyo ulinunua trei ya mayai Meru mjini ukaipakata mapajani mpaka Laare.

Mama akala yai moja, akala nusu ya jingine. Zilikuwa siku chache tu. Halafu asubuhi ya kwenda kwenye mashine, ameketi ukingoni mwa kitanda, wewe umepiga magoti unamfunga kamba ya kiatu, moyo wake ukasimama. Mutwiri alipoingia alikukuta bado umeshika kile kiatu cha pili, unamwambia ainue mguu.

Ulinipigia wewe mwenyewe. Ulisema, "Kathure, nimemuua mama yako. Nilikuwa nikishangilia." Ukakata. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwako, Baba. Tangu hapo sijaisikia sauti yako, na mimi pia nimefiwa. Ninayo haki ya kukuambia hivyo. Nilimpoteza mama kwa simu, na baba ananipotea kwa simu hiyo hiyo.

Sikukaa bure. Katika nyumba hii ninayofanya kazi ya kuwatunza wazee, ameletwa mzee mwingine ambaye naye figo zimekataa, na mara tatu kwa wiki gari humchukua kwenda kwenye mashine. Mara ya kwanza nilipoona jikoni wanamkaangia yai nilitaka kumpokonya sahani. Nikaenda kumuuliza muuguzi wa mashine anayekuja kumwangalia, mwanamke mtu mzima, mpole. Nilimweleza yote kuanzia kopo la mafuta mpaka kiatu. Sikumficha kitu, na sikumwomba anifariji. Nilimwambia, niambie ukweli ili nimwandikie baba yangu.

Alinieleza hivi, nami nakuandikia kama nilivyoelewa. Mafuta ya damu kwa mtu wa figo si kama kwetu sisi. Kwa mtu asiye na ugonjwa, yakishuka unafurahi. Kwa mtu wa figo, kuna yanayopanda ambayo huharibu mishipa, na wengi wao huondoka kwa moyo, hata waliokula kila walichoambiwa, hata waliomeza kila dawa, hata wa huku kwenye hospitali zinazong'aa. Tena kuna kushuka ambako si kupona. Ugonjwa wenyewe humla mtu kwa ndani, humwondolea hamu ya chakula, na mafuta hushuka kwa kuwa mwili unamalizika. Anasema amewaona wakishuka hivyo huku wamezungukwa na mayai na samaki.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ile kabichi haikufanya kitu?" Akasema chakula zaidi kingempa nguvu zaidi, labda. Hawezi kusema siku ngapi wala kama zingekuwepo. Hilo sitakuficha, Baba, kwa sababu nikikudanganya utajua, na ukijua hutaamini mengine. Ulikosea. Ulisikia nusu ya neno ukalishika kwa nguvu zako zote, kama unavyoshika kila kitu. Waliokupa nusu hawakurudi kukuuliza umeelewa nini. Mimi niliyekaa katika chumba kile kile cha daktari sikuelewa zaidi yako. Lakini kukosea ni jambo moja, na kuua ni jambo lingine, na Tata Igoki hana mamlaka ya kuyafanya kuwa kitu kimoja kwa sababu tu amepewa kipaza sauti.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Mama aliniomba nisikuambie. Nimelikalia tangu afe, na nimeona kulikalia zaidi ni kukuacha uzikwe nawe.

Unakumbuka kuna siku Mutwiri ndiye aliyempeleka kwenye mashine, wewe ukabaki kuchuma miraa? Siku hiyo Tata alifika pale hospitalini kwa siri. Alitoka Siakago alfajiri na chupa ya chai imejaa supu ya kondoo. Nadhani ni kondoo yule yule. Mama aliipokea, akamshukuru dada yake, akaonja funda moja mbele yake ili asimvunje moyo. Tata alipotoka, Mama alikwenda nyuma ya jengo akatapika mpaka akashikwa na mwenzake wa foleni. Supu yenyewe akawagawia wenzake wa mashine. Aliniambia kwa simu huku akicheka, "Nyama siwezi tena, mama. Kila kitu naonja kama nimeweka msumari kwa mdomo. Hata chai. Hata harufu ya nyama ya jirani inanitoa nje."

Nikamuuliza, "Sasa unakula nini?"

Akasema, "Chakula ya baba yako."

Nikamwambia, kwa utani, kwamba chakula chako nimekiona kwenye simu na hata kuku wangekikimbia. Akacheka sana. Akasema, na haya ni maneno yake, sijaongeza kitu: "Wee, haina ladha hata kidogo. Usimwambie. Lakini Kathure, tangu nitoke kwa mama yangu hakuna mtu amewahi kunipikia. Hakuna. Mimi ndio hupikia watu. Sasa nalala hapa nasikia mwanaume akigonganisha sufuria, anajichoma, anaongea peke yake na moto, na yote ni juu yangu mimi. Si ladha nakula. Wacha nikule."

Ndivyo alivyosema. Na akanisihi nisikuambie kwamba chakula hakina ladha, kwa sababu angependa uendelee kupika.

Kwa hiyo Baba, hukumnyima nyama mtu aliyekuwa akiililia. Alikuwa haiwezi. Chakula pekee kilichokuwa kikimkaa tumboni ni hicho ulichokipika, na alikila kwa sababu umekipika wewe. Vijiko alivyokula siku zile za mwisho, vingi au vichache, alivila kwa ajili yako. Sijui kama hilo linapunguza uchungu wako au linauongeza. Wangu liliuongeza kwanza. Nililia siku nzima ya mapumziko yangu. Baadaye likanipa pumzi kidogo.

Tata nimemwambia pia. Nilimpigia nikamweleza habari ya supu. Nilisikia kuku wake nyuma ya simu. Kisha akasema, "Basi hata mimi nilimtapisha dada yangu." Nikamwambia hapana, Tata, ulimletea mapenzi kwa chupa. Hakuomba msamaha kwa yale ya makaburini, wajua alivyo, shingo yake ngumu kuliko yako. Ila alisema atakuja Laare tena msimu huu wa kuvuna ndengu ukiisha, na safari hii hataleta kondoo wala maneno. Atakuja kuketi tu. Yeye alimpoteza mtu aliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Mfungulie lango, Baba. Hamna haja ya kupatana. Ketini tu mahali pamoja, kila mtu na lake, mradi mmoja wenu asife kwa kiburi cha mwingine.

Nawe ule. Sikuombi, nakuagiza, na unisamehe kwa kukuagiza. Kendi akileta chakula, mke wa kaka yangu aliyeacha kwao akawa mtoto wako, usimdanganye kwamba umeshakula. Ule ugali wake, ule na nyama, ule na mafuta. Mwili wako hauna ugonjwa wa Mama, kwa nini uufanyie matibabu yake? Presha yako nenda ukapimwe, na daktari akisema jambo usitoke pale mpaka umemrudishia maneno yake yote, mwanzo hadi mwisho, naye akubali kwamba ndivyo. Mutwiri aende nawe asikilize pia. Hatuna mtu mwingine wa kupoteza kwa nusu ya neno.

Kuna siku namlisha yule mzee wa figo yai lake, kijiko kwa kijiko, naye ananishukuru kwa lugha yake, na ghafla siwezi kuendelea. Nageuka dirishani najifanya napangusa kioo. Ninamchukia bila kosa lake lolote. Halafu nageuka tena namlisha, kwa sababu ni baba wa mtu, na huyo mtu hayupo.

Nisalimie Mutwiri, kaka yangu anayebeba nyumba nzima mgongoni na bado anajifanya anakohoa. Nisalimie Kendi mkewe, umwambie nimeona picha ya kaburi la Mama na maua aliyopanda, na kwamba yeye ndiye aliyenizikia. Msalimie mchungaji wetu aliyekesha nanyi. Msalimie jirani aliyepewa lile kopo la mafuta, nasikia hadi leo hajalifungua. Tata Igoki akifika, salamu zake mpe wewe kwa mdomo wako.

Kibali changu kimetoka. Nimeambiwa nitapata likizo kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, nami nitakuja. Najua mtataka kuchinja, kwa kuwa nimekaa muda mrefu na sikuja kwenye msiba. Msichinje. Siku hiyo moja tu, kisha tusikipike tena, nipikie wewe kile chakula. Kabichi na wali mweupe, bila mafuta, bila chumvi. Uniwekee kwenye sahani yake. Nataka kujua mama yangu alikuwa akila nini siku zile nilipokuwa huku nikiwalisha wazazi wa watu wengine.

Ni mimi binti yenu,
Kathure